Mwezi wa Kutoomba

Jirani yangu hakuwa anaomba, alikuwa anaagiza. Ndivyo nilivyomweleza mume wangu kwenye simu mwezi wangu wa kwanza Lodwar. Mwanamke huyo alikuwa akisimama nje ya ua wangu wa miiba kule mtaa wa Kanamkemer, jua ndiyo kwanza linachomoza, na kusema, "Mwalimu, leta sukari." Hakuna tafadhali, hakuna samahani kwa usumbufu. Nikimpa sukari anaitazama, anasema ejok, yaani ni vizuri, halafu anauliza kama kiberiti kile cha mezani nina kingine. Siku moja aliniomba viatu nilivyokuwa nimevaa.

Mimi ni mtu wa Kakamega. Kwetu ukipewa ndizi moja unashukuru kama uliyepewa mkungu mzima, na Jumapili mkikutana kanisani unashukuru tena. Mama yangu alitufanya tushukuru kabla ya kula, baada ya kula, na hata siku ambazo hatukula. Kwa hiyo yule mwanamke alinichoma. Sikumnyima, maana niliona aibu Mkristo mzima kunyima sukari, lakini nilimpa nikiwa nimenuna moyoni, na nadhani Mungu aliona vyote viwili.

Nisimseme kwa upande mmoja. Yeye naye alinipa. Mifereji ilipokauka alinionyesha mahali pa kuchimba kwenye mchanga wa mto. Ndugu yake akitoka kuvua samaki ziwani kule Ferguson's Gulf, fungu langu lilifika kabla sijajua kama amekuja. Binti yake wa miaka mitano ndiye aliyeleta, kisha akakaa kizingitini mwangu akanitazama nikisoma. Nilipokwenda kumshukuru mama yake kwa maneno mengi na mikono miwili, alinitazama kana kwamba nimemwambia jambo la ajabu kidogo. Sikujiuliza kwa nini. Niliishi miaka mitatu pembeni ya ua ule bila kujiuliza.

Kila alfajiri nilikuwa na kijitabu changu cha tafakari, ukurasa mmoja kwa siku, na kalamu nyekundu. Kalamu ni tabia ya kazi. Mwalimu hawezi kusoma kitu bila kukisahihisha. Mwaka jana kurasa za mwezi mmoja zilikuwa zote juu ya shukrani. Zilinifurahisha mno. Nilipiga mistari mpaka karatasi ikatoboka. Sasa nikiwa mkweli naona sikuzisoma kurasa zile kwa ajili yangu. Kila mstari niliopiga nilikuwa nampigia jirani.

Tulikuwa na jumuiya, watu wa kanisa moja wanaokaa mtaa mmoja, tunakutana Alhamisi jioni nyumba kwa nyumba. Tunasoma Neno, tunakaa kimya kidogo, kila mtu anatoa shukrani, halafu kila mtu anatoa ombi lake. Mimi nilikuwa kiongozi. Kusema kweli, maombi yalikuwa marefu kuliko somo, na marefu kuliko yote yalikuwa ya jirani yangu. Aliomba mvua, aliomba majani ya mbuzi, aliombea goti lake na mkwe wake na ngamia wa mkwe wake. Akimalizana na Mungu alitugeukia sisi. Alhamisi moja alisema amina, na bila hata kufungua macho vizuri akaongeza kwamba mwalimu ana kanga mbili nzuri na moja inamtosha. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Wiki iliyofuata nilitangaza mwezi wa shukrani. Kwa siku thelathini kuanzia tarehe mosi, nilisema, jumuiya yetu haitaomba kitu chochote. Tutashukuru tu. Nilisema anayeomba kila siku ni kama hajaamini kwamba ameshapewa. Nilisema mwomba chumvi huombea chungu chake, na kwamba tumezoea kumfanya Mungu kuwa duka. Nilikuwa na ulimi mtamu jioni ile. Sikumtaja mtu, lakini mtu anaweza kutajwa bila jina, na niliona vichwa vinageuka kimoja kimoja kumtazama jirani yangu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na binti yake mapajani.

Mwenye duka, aliyetoka Meru, alisema ni wazo zuri sana. Mke wa polisi akasema amina. Jirani yangu akauliza swali moja: ni Mungu tu asiyeombwa, au na watu pia? Nikajibu, wote. Nilijibu upesi, kwa sababu swali hilo ndilo nililokuwa nikilingoja.

Akasema sawa.

Asubuhi zangu zikatulia. Hakuna aliyesimama uani. Nilikunywa chai yangu ikiwa ya moto, nikasoma ukurasa wangu mpaka mwisho, na, Mungu anisamehe, nilimshukuru kwa utulivu ule. Kitoto nacho kiliacha kuja kukaa kizingitini. Nikadhani mama yake ameanza kumfundisha adabu.

Alhamisi ya kwanza jirani yangu alishukuru kwa mbuzi. Alhamisi ya pili alisema, "Nashukuru Mungu. Mtoto alikuwa na mwili moto, nikanunua dawa ya malaria kwa duka, sasa anapumzika." Tukasema amina. Alhamisi ya tatu alikuja peke yake, akasema, "Nashukuru Mungu. Mtoto halii tena. Analala mchana yote." Amina yangu ilikuwa ya sauti kuliko zote. Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni mwa ukurasa kwamba leo nimeona tunda la kazi yangu. Maneno hayo yapo mpaka leo. Nimejaribu kuyafuta lakini wino wa kalamu ile haufutiki, na kuichana karatasi naona ni kujihurumia.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mtu anayeshinda na watoto, naambiwa mtoto wa miaka mitano analala mchana kutwa, nami nasema amina.

Alhamisi ya nne hakuja. Mke wa polisi ndiye aliyenieleza kesho yake. Dada wa jirani yangu, anayekaa Kakuma na kuuza kuni, alikuwa amepita kumsalimia. Aliingia ndani, akamfunua mtoto gauni, akaona tumbo. Hakungoja hata chai. Siku hiyohiyo walipanda lori lililokuwa likienda Lokichoggio kupitia Kakuma, ambako dada alijua hospitali inayotibu matumbo ya namna ile, mtoto amelazwa juu ya magunia, na mama yake hakuwa amemwomba mtu yeyote chochote. Dada aliona mwenyewe. Mke wa polisi alisimulia haya kama habari ya kawaida, kisha akaniuliza wiki ijayo jumuiya ni nyumbani kwa nani.

Jumamosi nilikwenda Kakuma. Njiani nilijaribu kusali, na kila sentensi iliyonijia ilikuwa ombi. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe kwa kamba yangu. Siku zilizokuwa zimebaki katika mwezi wangu wa shukrani zilikuwa nne, na mimi, kiongozi, nilimwomba Mungu barabara nzima bila kupumua.

Niliwakuta wodini. Jirani yangu alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Mtoto mikono yake ilikuwa imekonda kama vijiti vya kuwashia moto, na tumbo limevimba upande mmoja kwa sababu ya wengu. Madaktari walikuwa wameupa ugonjwa wake jina, kala-azar, unaoletwa na usubi wanaokaa kwenye vichuguu. Alikuwa anatoka damu puani na damu yake yenyewe ilikuwa imepungua. Muuguzi alinieleza kwamba angehitaji sindano kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, na kwamba wiki moja zaidi nyumbani ingekuwa habari nyingine. Hakujua anazungumza na nani. Akaniuliza kama mimi ni shangazi.

Nilipiga magoti pale sakafuni. Nikamwuliza jirani yangu kwa nini hakuja kwangu. Siku zote alipopeleka mtoto hospitali Lodwar alinichukua mimi, kwa sababu alisema daktari na mimi tunajua kuongea Kiingereza chetu. Alikuwa haniombi twende. Alikuwa ananiambia nivae viatu. Kwa nini safari hii hakusema?

"Wewe ulikataza," akasema, bila hasira. "Ulisema ni kukosa imani. Nikaogopa Mungu ataniona sina imani, achukue mtoto."

Nikamwambia basi sasa aseme, chochote anachotaka, maziwa, blanketi, nauli, nitaleta leo hii. Alitazama dirishani, akihesabu.

"Siku bado," akasema. "Zimebaki nne." Kisha akaniambia neno ambalo miaka mitatu nilikuwa nimelitamani kutoka kinywani mwake. "Asante kwa kuja, mwalimu."

Dada yake alinifuata nje. Yeye hakuwa na upole wa ndugu yake. Alikuwa na Kiswahili cha Kakuma, mji wa kambi ya wakimbizi, chenye Kikongo na Kisomali ndani yake, na alikitumia chote. Aliniuliza kama nilijua nimefanya nini. Nikasema najua, nimechelewesha mtoto kutibiwa. Akasema hiyo ni moja. Ya pili ni kwamba kwao mtu haombi kwa sababu ya shida tu. Unaomba mtu wako. Unamwomba na yeye anakuomba, leo anatoa, kesho anakataa, na hivyo ndivyo mnavyojua kwamba mko pamoja. "Mtu ukiacha kumwomba," akasema, "umesema hayuko." Nikamwambia sikujua. Akajibu kwamba miaka mitatu ni mingi kwa mtu kutojua.

Mtoto alipona. Nalisema mapema ili asisumbuke mtu. Walirudi Lodwar baada ya wiki kadhaa, amenyolewa, shingo nyembamba, ila anatembea. Ningependa kusema kwamba siku hiyo nilifurahi tu, lakini furaha yangu ilikuwa imechanganyika na woga. Nilikuwa namwogopa jirani yangu.

Nilimpelekea unga. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mwalimu, Mungu akubariki." Alisema taratibu na vizuri, kama mwanafunzi aliyekariri. Nikapeleka mafuta ya kupikia, nikapata asante nyingine. Siku zile thelathini zilikuwa zimekwisha kitambo, lakini hakuna aliyekuja kusimama uani kwangu kuniambia nilete kitu. Nilipata adabu yote niliyoitaka. Nilirudi nyumbani na asante zangu nikalia kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Kwenye jumuiya niliungama. Nilisimama nikasema nilianzisha mwezi ule kwa kiburi, nikaeleza yaliyotokea, nikaomba wachague kiongozi mwingine. Nilitegemea wanikasirikie. Mwenye duka akasema Mungu ni mwema, mtoto amepona, tumshukuru. Nusura nimrushie kijitabu. Jirani yangu alikuwepo, kwenye mkeka, mtoto mapajani. Maombi yalirudi jioni ile, na zamu yake ilipofika alisema hana ombi. Hakunitazama aliposema hivyo.

Kwa wiki kadhaa sikusoma chochote alfajiri. Nilikaa na kijitabu kimefungwa. Imani yangu yote, niligundua, ilikuwa imejengwa kama barua ya shukrani kwa mfadhili: heshima nyingi, na umbali. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwomba Mungu kitu nikiwa na hakika kwamba mimi ni wake. Nilikuwa namshukuru upesi upesi ili asinione nahitaji. Hilo liliniuma kuliko aibu ya jumuiya, na bado linaniuma, wala sijapata ukurasa wa kuliponya.

Jumamosi moja asubuhi nikavaa viatu nikaenda kwake. Alikuwa anasuka kikapu cha ukindu kivulini. Mtoto alikuwa karibu naye, ameshika kamba ya mbuzi jike mdogo mweupe, ambaye baadaye nilijua ni zawadi ya yule dada wa Kakuma. Tukasalimiana. Sikukaa, sikujua kama naruhusiwa.

Nikamwambia nimekuja kuomba.

Akauliza naomba nini. Nikasema msamaha.

Alisuka mistari miwili kabla ya kunijibu. "Hiyo siyo kitu," akasema. "Hata ningekupa utabeba na nini? Omba kitu."

Nikasimama pale, mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, nikitafuta kitu cha kuomba. Nilitazama mkeka, sufuria, jerikani ya maji, kibanda. Kila nilichokiona nilisikia sauti ya mama yangu ikinionya kwamba wenye nyumba hawana, kwamba nitawafilisi, kwamba mtoto mwenye adabu hasemi anataka. Nilielewa ni ujasiri gani aliokuwa nao mwanamke huyu kila asubuhi pale uani kwangu, na jinsi alivyokuwa akiniheshimu.

"Nipe mbuzi," nikasema.

Mtoto akaivuta kamba karibu na kifua. Mama yake akaweka kikapu chini, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, na kwa mara ya kwanza tangu Kakuma niliona uso wake ukilegea.

"Hiyo mbuzi ni ya mtoto. Siwezi kukupa," akasema, akasogea kidogo kwenye mkeka ili nipate pa kukaa. "Kuja kesho, uombe tena."