Jipu Langu Chini ya Picha ya Daktari

Nikiri mapema nisije nikasumbuliwa: mimi ndiye niliyebandika picha ya jipu langu mtandaoni, chini ya picha ya daktari akiwa amependeza kwenye harusi ya dadake. Jipu lenyewe lilikuwa mahali pa kukalia.

Kosa lilianzia kwenye heshima. Yule daktari ni binti wa mtu niliyetahiriwa naye mwaka mmoja, kwa hivyo kwetu Wagusii ni binti yangu pia. Kati ya baba na binti kuna ile aibu ya heshima tunayoiita chinsoni. Mbele yake hata shati sivui, sembuse suruali. Na wiki hiyo yeye ndiye aliyekuwa kwenye zamu katika hospitali ndogo iliyo karibu nasi hapa Kiogoro.

Nilivumilia siku nne, nikinywa uji nimesimama kama askari wa lango. Ndipo nikapata akili, au kitu nilichodhani ni akili: nikimtumia picha, atakuwa ameona jipu tu, mimi hajaniona.

Kulikuwa na kisirani kidogo. Nilikuwa nimemwomba urafiki mtandaoni miezi miwili kabla ya hapo na hakuwa amenijibu. Nilishamsema kwa majirani kwamba siku hizi anaringa. Lakini jipu halina kiburi. Mke wangu akashika simu, akacheka mpaka picha tatu za kwanza zikatoka ukungu mtupu. Ya nne ikatoka vizuri mno. Nikafungua ukurasa wa daktari, nikaandika, "Mwanangu, angalia hii uniambie dawa ya kununua," nikabonyeza, nikalala kifudifudi kungoja.

Kufikia saa ya chakula cha mchana, jibu lilikuwa limeingia inboksi.

"Tata," aliandika, maana ndivyo tunavyomwita baba, "nimefuta komenti yako. Ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mimi sitibu watu huku, na habari za mgonjwa siziongelei huku, hata kama ni wewe. Tafadhali njoo hospitalini leo. Leo kuna daktari mwanamume pia, mwulizie yeye."

Nilisoma mara tatu. Maumivu niliyasahau. Kilichoniuma sasa ni kwamba huenda nimempoteza binti. Atakaponiletea maji ya kunawa kwenye sherehe, nitamwangalia vipi? Au ataacha kuniletea?

Nilienda kwa miguu, maana pikipiki ningeikalia na nini. Daktari mwanamume alipasua, akasafisha, akafunga, wala hakuuliza mimi ni nani wa nani. Nilipokuwa nachechemea kwenda mlangoni, nani anatoka chumba cha pili? Binti yangu. Nikakazia macho sakafu. Naye akainamisha kichwa, kama binti anavyofaa kufanya.

"Tata, mama hajambo?" akaniuliza. "Mwambie ndizi alizotuma zimeiva vizuri."

Basi. Hakutabasamu, hakukohoa, hakunipa hata pole. Alinipita kama mtu ambaye hajawahi kuona chochote changu zaidi ya kofia. Nilirudi nyumbani nikiwa baba tena, baba mwenye bendeji.

Ombi langu la urafiki linangoja hadi leo. Nikiulizwa nasema afadhali libaki hapo hapo, huko mtandaoni mimi ni mtu hatari.

Jioni ya siku ile ya hospitali nilimweleza jirani yangu, mama wa kutoka upande wa ziwani anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mosocho. Nilimwambia, kwa majivuno kidogo, kwamba heshima yangu imepona, kwa kuwa daktari hakuona kitu. Alikuwa akipepeta omena kwenye ungo, na hakuinua uso.

"Mimi niliona, mume wangu aliona, wateja wangu wa Mosocho waliona, kabla hajaifuta. Ni huyo msichana peke yake amekataa kuona, na ndiye ulikuwa unatuambia anaringa."