Jumanne ya Mbalamwezi Rumonge

Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, na kelele za mji ule ziko damuni mwangu. Serikali ilihamia Gitega. Starehe ikakataa kuhama. Kwetu Mrundi wa milimani, Mkongomani wa Uvira na Mswahili wa jirani wanagombea benchi moja penye mishikaki, na mishahara ikitoka, Jumamosi ile halali mtu. Miaka minne nilipiga muziki kwenye harusi na kumbi za huko, kwa hiyo nilipoolewa Rumonge nilijiona nakwenda kuwafundisha watu kucheza.

Kaka yangu mkubwa, mwenye maspika niliyoondoka nayo, hakuamini.

"Kule watu wanalala na kuku," alisema. "Nakupa mara mbili. Ukumbi usipojaa, nakuja na lori kuchukua vyombo vyangu."

Bila vyombo vile kazi yangu ilikuwa imekwisha, na sijui kazi nyingine. Nilichukia, lakini nikakubali.

Nilikodi ukumbi karibu na soko, nikachagua Jumamosi ya mishahara, kama Bujumbura. Walikuja wanawake tisa na mwalimu mmoja, ambaye aliondoka baada ya nyimbo mbili. Nikakaa juu ya spika huku nimenuna. Mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa Tanganyika, sokoni akanifuata, anajizuia kucheka.

"Dada, nani alikupangia siku hii? Na giza yote hii? Wanaume wote iko mu ziwa."

Akanieleza kila kitu bila haraka. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikijaa, samaki hawaijali tena taa, mitumbwi inavutwa mchangani siku kadhaa, na mji mzima unaoa, unacheza na kupiga soga. Hata mtoto wa hapa anajua. Mimi nilikuwa nimekula ndagala miezi sita bila kuuliza wanavuliwaje. Niliona aibu kweli.

Mara ya pili nikatangaza Jumanne ambayo mbalamwezi ingejaa. Kaka alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Jumanne? Basi nakuja na lori siku hiyo hiyo, tusipoteze muda."

Saa moja jioni ukumbi ulikuwa na watu watano. Saa mbili wakaanza kuingia wavuvi, wameoga, mashati yamepigwa pasi, wake zao wamevaa vitenge vipya. Wakaja mafundi cherehani, wakaja wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania, wakaja watu wa mawese kutoka Kizuka juu ya pikipiki. Kufika saa tatu tulifungua madirisha ili walioko nje nao wacheze. Nilikuwa na furaha mpaka nikalia huku nabadilisha nyimbo.

Kaka alifika na kamba za kufungia mizigo begani. Mlangoni alisimama yule mama wa ndagala, niliyemwomba anisimamie mlango.

"Amahoro, papa. Ndani imejaa. Subiri hapo pembeni, mutu akitoka utaingia."

Nilimwona kaka, naye aliniona. Nikaongeza sauti.

Asubuhi kaka aliniuliza, akitazama ziwa badala ya mimi, kama maspika mawili zaidi yangenifaa.

Nilimwambia alete manne.