Nafasi Moja Rafuni

Lori la serikali lilipoanza kuteremka kuelekea ziwani, Mahmud alikuwa ameketi juu ya marundo ya mafaili tangu Migori, na mgongo ulikwisha kufa ganzi. Homa Bay hakuwahi kufika. Hata hivyo hakuwa na haja ya kuuliza njia, kwani mafaili yalikuwa yanakwenda kulekule anakokwenda yeye.

Karani wa ghala la mafaili, Elkanah Nyabuto, aliyatazama yakishushwa kama mtu anayeletewa wageni na hana unga.

"Niyaweke wapi? Kichwani?"

Mahmud alisalimia, akaeleza shida yake. Jumatatu afisa wa viwanja angepitia mafaili ya Migori. Kiwanja kisicho na faili kingepewa mtu mwingine, na juu ya kiwanja chake kulikuwa na duka la miaka kumi na mitatu.

"Faili lilifunguliwa lini?"

"Hamsini na mbili."

Elkanah alifumba macho. "Basi limo guniani, bwana, pamoja na ya kuchomwa."

Rafu zilikuwa zimejaa tangu Machi. Akaamriwa atoe mafaili ishirini kila siku na kuyachoma kwenye pipa uani, huku akiendelea kuhudumia watu. Hakuwa na nafasi ya kuyasoma, kwa hiyo alifuata mwaka ulioandikwa kwenye jalada. La zamani lilitangulia motoni, hata kama lilipokea barua juzi.

"Nachoma ishirini, lori linaleta arobaini," alisema, akimwaga gunia la kwanza sakafuni. "Na faili nene haliungui mpaka ulifungue karatasi moja moja. Ni kukumba maji mtumbwini kwa kijiko! Mke wangu Nyarangi anasema kanisani nanuka kama samaki wa kubanikwa wa kisiwa cha Takawiri."

"Bwana Karani, nanuka mimi niliyekalia karatasi zako njia nzima. Na sala ya Ijumaa imenipita."

"Usinizungumzie Ijumaa. Jua likitua ni Sabato, sishiki kazi."

Wakapekua kwa haraka, magoti chini. Katika gunia la nne Mahmud aliona jina la marehemu baba yake. Akalikumbatia faili.

"Usifurahi bado. Litakaa wapi? Tarishi anayepanga rafu ana amri: faili lisilo na nafasi rafuni ni la moto."

Elkanah alipitisha kidole rafu baada ya rafu. Hata wembe usingepita. Mwishowe akasimama mbele ya faili moja nono, akaling'oa kwa mikono miwili.

"La nani hilo?"

"Langu. Barua za kuomba chumba cha pili cha mafaili, miaka mitatu. Kila barua inajibiwa kwa nakala tatu, na zote naagizwa nizitunze."

Mahmud alicheka. Elkanah hakucheka. Alilipachika faili la duka kwenye pengo lile, akaandika namba ya rafu kwenye daftari, akanawa mikono.

"Simama hapo mpaka tarishi amalize kupanga. Asikudanganye."

Akatoka uani na barua zake kwapani, akielekea kwenye pipa, kisha nyumbani. Mahmud alibaki, kiganja kimegandamizwa kwenye faili lake. Tarishi aliingia na mzigo mpya hadi kidevuni, akamtazama.

"Mzee, sogeza mkono."

"Hausogei," alisema Mahmud.