Ati Sisi Wazazi Hatuitaki Shule

Jamani, leo nimenyamazishwa mbele ya shule niliyoikandika kwa mikono yangu.

Mpaka sasa hasira haijaniisha.

Mkaguzi amekuja kutoka Kitale kutuuliza wazazi kama tunaitaka hii shule mpya ya serikali. Kabla hatujafungua mdomo, mzee mmoja wa kanisa akasimama kutujibia.

Ati shule haina sala, italea wezi.

Ati tulilazimishwa kuikubali, hakuna mzazi aliyesaidia kuijenga. Afadhali ifungwe!

Watoto wake wanasoma misheni, bana. Nekesa wangu aliambiwa huko hakuna nafasi.

Nikainua mkono. Mzee akanikatiza:

"Mama Nekesa, keti. Wanaume wanaongea."

Akaegemea ukuta wa shule kama mwenye nyumba, akaendelea kutuchafulia jina.

Sikuketi.

Alipomaliza akageuka, na mgongo mzima wa koti lake jeupe ulikuwa umejaa udongo na mavi ya ng'ombe. Si ukuta wenyewe tuliukandika leo asubuhi, sisi akina mama?

Nikamwambia mkaguzi, "Bwana, kama unataka kujua nani alisaidia, angalia hilo koti."

Sasa naambiwa nimekosa adabu. Nyinyi mnasemaje?