Sala ya Wafiwa

Wiki iliyopita, hapa Diani, kalamu ya wino niliyoinunua ili nionekane msomi ilinivujia mfukoni. Harufu yake ikanirudisha utotoni, barazani kwa bibi, kule Msambweni.

Padre mzungu alikuwa akiandika kitabu cha sala kwa Kidigo. Bibi, Mwislamu wa swala tano, alimsahihishia lugha huku akisuka mkeka. Mimi nilikuwa nimerejeshwa jana yake kutoka kwa shangazi, kijijini Jego, na niliambiwa mama bado yuko hospitali.

Padre alimsomea sala ya wafiwa.

"Sala yako hii imevaa soksi, padre," bibi akasema. "Mfiwa hasemi hivyo."

"Husema vipi, mama?"

Bibi aliacha kusuka. "Husema: mwanangu, nilikuosha siku uliyozaliwa, na juzi nimekuosha tena. Mtoto wako ananiuliza utarudi lini, nami namwambia kesho."

Padre, aliyekuwa ameanza kuandika, aliinua macho akaniona mlangoni. Akafunika kalamu.

Bibi hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma yake, ukabaki hewani mpaka nilipoushika.