Bomba Halina Ndugu

Mtaa mzima ulimwita Jaji, na kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga bomba la maji. Ufunguo aliuning'iniza shingoni, na sheria yake ilikuwa moja tu: ndoo hufuata ndoo. Uwe bibi kizee, uwe mjamzito, uwe na mgonjwa nyumbani, utangoja zamu yako. "Bomba halina ndugu," alisema, na watu waliipenda sana haki ile, hasa wale waliowahi foleni.

Sifa yake kubwa aliipatia kwa dada yake. Huyo dada ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yao, aliyelala kitandani hawezi hata kujigeuza. Asipoogeshwa siku moja tu, ngozi inachubuka. Siku dada alipoomba apitishwe mbele, Jaji alimrudisha nyuma watu wote wakiona. "Hata dada yangu wa tumbo moja!" alijigamba wiki nzima. Suala la nani amwogeshe mama hakulitolea hukumu. Alimwachia dada.

Basi siku moja dada alikuwa amengoja mpaka jua likawa la utosi. Ndoo yake imejaa, ndiyo kwanza anakunja kata ajitwishe, mara mke wa Jaji huyo, anakuja mbio.

"Jiko linaungua! Paa limeanza kushika moto!"

Jaji akanyakua ndoo tupu, akaisukuma chini ya bomba. Mwanamke mwenye zamu akaiondoa kwa mguu.

"Nyuma, Jaji."

"Nyumba yangu inaungua, jamani!"

"Pole sana. Bomba halina ndugu."

Foleni ikaangua kicheko. Mungu wangu, walicheka kweli, wanafunzi wake wema wale!

Dada hakucheka. Alibeba maji ya mama, akakimbia nayo, akayamwaga yote. Moto ukazimika, ukabaki moshi na sufuria nyeusi tii. Kisha akarudi bombani, akaiweka ndoo yake mwisho kabisa bila kuambiwa na mtu.

"Njoo mbele, dada," Jaji akasema.

"Haki iko wapi?" foleni ikalipuka. "Si ametoka kuchota sasa hivi?"

Jaji akababaika. Aliona aibu, tena aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Kila neno alilolitafuta la kumtetea dada yake, wengine walikwisha kumwambia zamani, naye akalikataa.

"Waache, mdogo wangu," dada akasema. "Nitangoja."

Akangoja. Zilipobaki ndoo mbili kabla ya yake, bomba likakohoa, likadondosha matone, likanyamaza. Jaji akalizungusha huku, akalizungusha kule, jasho linamtoka. Wapi!

Dada akaiokota ndoo tupu, akamtia mkononi.

"Twende," akasema. "Leo utamweleza mama wewe mwenyewe. Anapenda sana kusikia habari za haki yako."