Mama Ndimu, mpishi wa wagonjwa ambaye mumewe alihama nyumba kwa kukosa chumvi

Saa nne asubuhi, jikoni mwa hospitali, sufuria nne kubwa zinatokota kwa pamoja. Tatu zina wapishi wanaopishana na kutaniana. Ya nne, iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye mshikio wake, ina mpishi mmoja tu. Anakamua ndimu ya kumi na moja, anatia tangawizi aliyoitwanga mwenyewe, anachota kidogo kwa upawa na kuonja akiwa amefumba macho.

"Bado," anajiambia, na kuongeza kitunguu saumu.

Wenzake wanamwita Mama Ndimu. Sufuria yake ni ya wagonjwa wa shinikizo la damu na wa moyo. Leo ni sitini na wawili, na humo ndani haiingii hata chembe ya chumvi.

Shukrani hazimfikii. "Mgonjwa mmoja aliuliza kama mpishi ameachika," anasema, mwiko ukizunguka polepole. "Eti chakula hiki kimepikwa na mtu asiye na hamu na dunia. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka. Ila neno lilinichoma, maana hakuwa mbali na ukweli."

Mama Ndimu, mwenye miaka hamsini na mitatu, hajaachika. Mume wake anaishi kwa dada yake, wifi wa Mama Ndimu, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Alihama mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Sababu aliyoitoa ni chumvi.

Mtaani mume huyo anaitwa Dereva mpaka leo, ingawa hashiki tena usukani. Aliendesha lori miaka ishirini na saba. Siku akirudi safari, nyumba ilinukia tangu mchana. Aliinyunyizia sahani chumvi kabla hajaonja, kisha akala huku akisimulia barabara: daraja lililokatika, mlima uliowashinda wenzake, mama muuza chakula aliyempunja nyama. Mkewe aliuliza, yeye akajibu, mpaka wali ukapoa.

"Na mimi sikuwa nyuma," anakiri Mama Ndimu. "Mafuta nilimimina, chumvi nilitia kwa kiganja. Nilikuwa nataka nimwone akikomba sahani. Hapa kazini nawapikia watu bila chumvi, nyumbani namwaga. Mganga hajigangi."

Miaka miwili na nusu iliyopita, Dereva alianguka bafuni. Kipimo cha shinikizo la damu kilisoma mia mbili na kumi kwa mia na ishirini. Kiharusi kiliondoka na nguvu za mkono wa kulia, na mkono ukaondoka na kazi.

Siku aliporudishwa nyumbani, mkewe alikuwa ameshatupa kopo la chumvi. Mafuta aligawa kwa majirani, sukari akaificha. Kila siku maharage yaliyochemshwa, mboga za majani, samaki mkavu kama barua ya serikali.

"Nilijua si hivyo inavyotakiwa," anasema. "Kila wiki namsikia mtaalamu wa lishe akiwaambia ndugu wa wagonjwa wapunguze kidogo kidogo, ulimi uzoee. Lakini ukishamwona mtu wako amelala kwenye sakafu ya bafu, unasahau ulichokijua. Mimi nilitaka asife, basi."

Dereva alivumilia zaidi ya mwaka. Hadithi za barabara zilikatika. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto aliokuwa bado anaufundisha kazi. Jioni moja aliomba chumvi. Mkewe akakataa.

"Gari wamechukua, mkono umekwenda, sasa na chumvi," alisema bila kupaza sauti. "Nimebaki na nini mimi, mama?"

Asubuhi yake alifungasha mfuko mmoja. Mama Ndimu alidhani ni hasira za siku tatu.

Tangu hapo anakula amesimama, kando ya jiko. Vipimo vya watu sitini anavijua kwa macho, lakini chakula cha mtu mmoja bado kinamshinda. "Kinabaki kila siku," anasema. "Kula si kazi. Kazi ni kutokuwa na wa kumuuliza, ehe, halafu ikawaje?"

Wifi yake, mshonaji mwenye maneno makali na mkono wa kutoa, hakuona kosa kumpokea kaka yake. "Mtu kaja kwangu kanyong'onyea," anasema. "Nimpe darasa au nimpe chakula? Nilimpikia alivyopenda. Akala, akanawiri, nikajua nimemponya."

Mapema mwaka huu kunawiri huko kulimpeleka Dereva wodini, kichwa kikimgonga na macho yakiona ukungu. Mama Ndimu hakupigiwa simu. Alikuta jina la mumewe kwenye orodha ya chakula inayoletwa jikoni kila asubuhi: kitanda cha kumi na nne, bila chumvi.

"Nilisoma mara mbili, nikaikunja karatasi," anasema. "Wagonjwa walikuwa wengi. Nikapika."

Siku ya kwanza sahani ya kitanda cha kumi na nne ilirudi haijaguswa. Siku ya pili ilirudi nusu. Siku ya tatu ilirudi tupu, na mhudumu wa toroli akaja na ujumbe.

"Yule wa kumi na nne anauliza samaki kapika nani."

"Mwambie mpishi."

Mhudumu alienda, akarudi. "Anasema nimwambie mpishi ndimu imezidi."

Mama Ndimu aliketi juu ya gunia la viazi, mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi, maharage yake yalishika chini.

Siku hiyo, saa za kutazama wagonjwa, alivua aproni akapanda wodini. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Baadaye Dereva alimwambia mkewe kwamba kwa dada yake anashiba, ila dada hana subira ya kusikia habari za barabara, cherehani inamtosha.

"Basi rudi nyumbani," mkewe akamwambia.

"Nirudi nyumbani, au nirudi wodini?"

Mkewe alirudi jikoni. Dereva aliruhusiwa kesho yake, akarudi kwa dada yake.

Jibu la swali hilo Mama Ndimu alilitafuta kwa miguu. Jumamosi ndiyo siku yake ya mapumziko. Jumamosi iliyofuata alipiga hodi kwa wifi yake akiwa na kikapu cha mboga, ndimu na kijiko kimoja cha chai.

"Wifi, sikuja kukufundisha," alisema. "Nimekuja tupike wote. Chumvi tutatia, lakini tutapima. Wiki ijayo tutapunguza."

Wifi alionja, akaweka upawa chini. "Hii ni supu, au ni maji uliyoogeshea kitunguu?"

"Subiri ndimu," Dereva alisema kutoka mlangoni.

Sasa zimepita Jumamosi kumi na tatu. Kijiko kilichokuwa kikijaa sasa hakifiki nusu. Chumvi ya mezani imeondoka bila kufukuzwa, matunda yamechukua nafasi ya soda, na wifi mwenyewe anasema miguu yake haivimbi tena jioni. Dawa Dereva anameza kama alivyoelekezwa. Kipimo chake cha mwisho kilisoma mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Na mezani lori limewaka upya: katika hadithi ya wiki iliyopita lilikwama mtoni siku mbili, na mkewe hakuacha kuuliza.

Daktari amemwagiza pia atembee. Kwa hiyo wakimaliza kula anamsindikiza mkewe. Jumamosi ya kwanza aliishia kwenye kona, akipumua kwa shida. Kisha wakafika kwenye duka la dawa, kisha shuleni. Jumamosi iliyopita walifika kituo cha mafuta, dakika nane kutoka nyumbani kwao. Hapo Dereva alisimama, akaitazama barabara iliyobaki, akasema usiku mwema. Mkewe alimtazama akirudi, bega moja chini kidogo kuliko jingine, mpaka akapotea kati ya watu.

Hakumwambia apige hatua zaidi. "Nikimvuta, ataingia kama mgonjwa," anasema, akifunika sufuria na kumpisha mhudumu mwenye toroli. "Nataka aingie kama mwenye nyumba, aseme ana njaa."

Jumamosi ijayo anaomba mvua isinyeshe. Amepanga wale mapema, ili jua liwe bado lipo watakapofika kituoni.

"Kufuli sijabadilisha," anasema. "Na ufunguo wake hajawahi kunirudishia."